Kwa nini "do" katika "Do you know him?" si kufanya: asili na matumizi ya kitenzi kimoja cha Kiingereza

Msomaji mmoja, mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi, ameniandikia hivi: "Nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba 'do' ni 'fanya'. Tulipofika kwenye 'Do you know him?' mmoja akaniuliza ni nani anayefanya, na anafanya nini, nami sikuwa na la kumjibu. Kila mwaka huandika 'Did you went?' na 'She doesn't knows', hata niwasahihishe mara ngapi. Tena katika Biblia ya Kiingereza cha zamani nasoma 'I know not' bila 'do' yoyote. Neno hili lilitoka wapi, liliingiaje katika maswali, na watoto niwaelezeje?"

Mwalimu, mwanafunzi wako ameuliza jambo ambalo wataalamu wa historia ya Kiingereza wamelijadili kwa zaidi ya karne moja, na anastahili kujibiwa kikamilifu. Jibu fupi ni kwamba katika "Do you know him?" hakuna anayefanya chochote. Kiingereza kina "do" mbili zinazoandikwa na kutamkwa sawasawa. Moja ni kitenzi kikuu chenye maana ya kufanya au kutenda, kama katika "I do my work". Ya pili ni kitenzi kisaidizi kisichotaja tendo lolote. Kazi yake ni kubeba njeo (yaani wakati wa tendo), nafsi na ukanushi pale ambapo kitenzi kikuu hakiruhusiwi kuvibeba chenyewe. Ndiyo maana sentensi "What do you do?" haimrudii msemaji kinywani kama kosa: "do" ya kwanza ni ya kubeba, ya pili ni ya kutenda, na kwa Kiswahili tunatafsiri ya pili peke yake, "Unafanya nini?" au, kwa maana iliyo ya kawaida zaidi, "Unafanya kazi gani?"

Kuhusu kubeba huko, tazama sentensi "He knows him", yaani anamjua. Alama ya wakati uliopo na ya nafsi ya tatu ni ile "s" iliyo mwishoni mwa "know". Ukitaka kuuliza, Kiingereza cha leo hakikiruhusu kitenzi "know" kutoka mahali pake na kumtangulia kiima. Ukitaka kukanusha, hakiruhusu "not" ikifuate kitenzi hicho. Kwa hiyo "do" huletwa, na ile "s" huhamia kwake: "Does he know him?" na "He does not know him". "Know" imebaki tupu, bila alama ya njeo wala ya nafsi, kwa sababu alama imeshapata mahali pengine pa kukaa. Ndivyo ilivyo pia katika wakati uliopita. "Went" ina mambo mawili ndani yake, maana ya kwenda na alama ya wakati uliopita, tukiuliza, alama huhamia kwenye "did", na kinachobaki ni "go", hivyo tunapata "Did you go?" Mwanafunzi anayeandika "Did you went?" ameutaja wakati uliopita mara mbili, na anayeandika "She doesn't knows" ameitaja nafsi ya tatu mara mbili. Yanaonekana kuwa makosa mawili, kumbe ni kosa moja, na hii ndiyo sababu kusahihisha neno moja moja hakuzai matunda: leo atarekebisha "went", kesho ataandika "Did you saw?" Afundishwe kwamba alama ni moja, na kwamba ikihama imehama.

Wanafunzi wako wana bahati kwamba lugha yao wenyewe inafanya mambo yanayokaribiana na haya, na ningekusihi uanzie huko. Tunasema "alisoma", lakini tukikanusha hatusemi "ha-alisoma". Alama "li" inaondoka kabisa, na wakati uliopita unabebwa na "ku" katika "hakusoma". Tunasema "anasoma", lakini katika "hasomi" alama "na" imetoweka na irabu ya mwisho imegeuka. Mtoto aliyezaliwa na Kiswahili hafundishwi hayo na mtu, wala haweki "li" na "ku" ya ukanushi pamoja katika neno moja ili kuonyesha wakati uleule. Kwa hiyo wazo la kwamba sentensi ikigeuka kuwa ya kukanusha alama ya njeo nayo hubadilisha mahali au sura si geni kwake hata kidogo.

Mfano unaofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni ule wa vitenzi vya silabi moja. Waulize wanafunzi: katika "anakula", hiyo "ku" inamaanisha nini? Haimaanishi "wewe", kama ilivyo katika "anakupenda", wala si ukanushi. Haihitajiwi na maana, kwa kuwa "anasoma" haina "ku" na inaeleweka vizuri. Inahitajiwa na mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na alama za njeo kama "na", "li", "ta" na "me" haziwezi kuubeba. Kitenzi cha silabi moja kama "-la" kikizifuata, "ku" huingizwa ili ibebe mkazo huo. Pale ambapo kiambishi kinachotangulia kinaweza kuubeba mkazo chenyewe, "ku" haionekani: tunasema "sijala", "nikila", "hawali". Hiyo "ku" haina maana ya kamusi, ina kazi ya kisarufi tu, na inakuja pale inapohitajika na kuondoka pale isipohitajika. "Do" ya Kiingereza iko hivyohivyo, ila mzigo wake ni njeo badala ya mkazo. Mtoto akishaona kwamba ndani ya lugha yake mwenyewe kuna silabi anayoitamka kila siku bila kuipa maana, hatashangaa tena kuambiwa kwamba "do" katika swali haimaanishi kitu.

Sasa asili yake. Wataalamu wa lugha, kwa kulinganisha lugha za Ulaya na za Asia zilizo jamaa, wamelifikia shina la kale sana ambalo maana yake haikuwa kufanya bali kuweka. Shina hilo limebaki na maana ya kuweka katika Kisanskriti, "dadhati", na katika Kigiriki, "tithemi". Katika Kilatini lilizaa "facere", ambayo imekuwa kufanya, na huko ndiko yalikotoka maneno mengi ya Kiingereza kama "fact" na "factory". Hata "faksi" yetu ina damu hiyo, kwa kuwa imefupishwa kutoka maneno ya Kilatini "fac simile", fanya kinachofanana. Katika lugha za Kijerumani na jamaa zake shina lilibaki fupi: Kijerumani kina "tun", Kiholanzi kina "doen", na Kiingereza cha Kale, kilichosemwa hadi karne ya 11 hivi, kilikuwa na "don", wakati uliopita "dyde", ambayo ndiyo "did" ya leo.

Maana ya kuweka haikupotea mara moja. Katika Kiingereza cha Kale "don" iliweza kumaanisha kuweka na pia kufanya, na hadi leo kuna vitenzi viwili vinavyoihifadhi maana hiyo, "don" na "doff". Cha kwanza ni mwunganiko wa "do on", weka juu ya mwili, yaani vaa. Cha pili ni "do off", ondoa, yaani vua, na kwa kawaida husemwa juu ya kofia. Ukishikilia kwamba "do" ni kufanya, vitenzi hivyo havieleweki. Ukijua kwamba "do" ilikuwa kuweka, vinajieleza vyenyewe. Katika familia hiyohiyo yumo "deed", tendo, na "doom", ambayo zamani ilikuwa hukumu au sheria iliyowekwa kabla haijawa maangamizi. Njia ya kutoka kuweka hadi kufanya si ngumu kuifuata kwa mtu wa Kiswahili, maana sisi nasi tunaweka saini, tunaweka ahadi na tunaweka rekodi, na hakuna kitu kinachohamishwa kutoka hapa kwenda pale.

Kuna jambo jingine la asili ambalo napenda kulitaja kwa sababu wengi hawalijui. Ile "ed" ya wakati uliopita katika "walked" na "loved" inadhaniwa na wataalamu wengi kuwa nayo ni "did" iliyosinyaa, iliyogandamana na mwisho wa kitenzi katika zama ambazo Kiingereza, Kijerumani na jamaa zao vilikuwa bado lugha moja. Ushahidi unaotajwa sana ni wa Kigothi, lugha ambayo tafsiri yake ya Biblia ni ya karne ya 4: humo mwisho wa wakati uliopita katika wingi ni mrefu na unafanana sana na wakati uliopita wa kitenzi cha kufanya katika lugha jamaa zake. Ikiwa ndivyo, basi "do" imebeba wakati uliopita wa Kiingereza mara mbili katika historia yake, kwanza kwa kumezwa na vitenzi vingine, kisha kwa kusimama mbele yao.

Hata hivyo, katika Kiingereza cha Kale "do" haikuwa na kazi yoyote katika maswali. Mtawa na mwalimu Ælfric, aliyeishi karibu na mwaka 1000, alitunga mazungumzo ya kuwafundishia vijana Kilatini, ambamo mwalimu anawauliza watu wa kazi mbalimbali wanachofanya, nasi tunayo nakala yake ambayo juu ya maneno ya Kilatini imeandikwa tafsiri ya Kiingereza, na humo mkulima anaulizwa "Hwæt sægest þu?", wasemaje wewe. Kitenzi kimemtangulia kiima moja kwa moja. Kijerumani bado kinauliza hivyo, "Kennst du ihn?", na Kiholanzi vilevile. Kwa hiyo tusiseme kwamba "I know not" ni Kiingereza cha ajabu. Ndicho Kiingereza kilichofuata desturi ya ukoo wake. Cha leo ndicho kilichotoka nje ya desturi hiyo.

Mabadiliko yalianza katika Kiingereza cha Kati. Kuanzia karne ya 13, hasa katika mashairi ya kusini magharibi ya Uingereza, tunaanza kuona "do" ikisimama mbele ya kitenzi kingine bila kuongeza maana inayoonekana. Mtaalamu wa Uswidi, Alvar Ellegård, ambaye kitabu chake cha mwaka 1953 juu ya suala hili bado kinarejewa na kila anayeligusa, alitetea rai kwamba chanzo chake ni "do" ya kusababisha. Katika zama hizo "he did build a house" iliweza kumaanisha kwamba alisababisha nyumba ijengwe, alijengesha. Lakini ni mara ngapi msikilizaji anahitaji kujua kama tajiri alishika mwiko kwa mkono wake? Sisi nasi tunasema "Mzee amejenga nyumba nzuri" na kila mtu anaelewa kwamba waliojenga ni mafundi. Pale ambapo tofauti kati ya kujenga na kujengesha haikuwa na uzito, "did build" ilianza kusikika kuwa sawa na "built", na "do" ikabaki bila maana. Watunzi wa mashairi waliipenda kwa sababu iliwapa silabi ya ziada na iliwawezesha kukipeleka kitenzi kikuu mwisho wa mstari ili kipate kina. Anayejua jinsi mtunzi wa utenzi anavyogeuza mpangilio wa maneno ili mizani na vina vitimie hatalishangaa jambo hili.

Kueneza "do" isiyo na maana ni jambo moja. Kuifanya iwe lazima katika maswali ni jingine, na hapa ndipo penye uzito wa swali lako. Katika karne ya 15 na ya 16 mambo mawili yalikuwa yakitokea pamoja. La kwanza, mpangilio wa kiima, kitenzi, yambwa (yaani mtendwa) ulikuwa umeimarika mno, kwa kuwa Kiingereza kilikuwa kimepoteza karibu viambishi vyote vilivyoonyesha nani ametenda na nani ametendwa. Swali kama "Knows the king the bishop?" lilimchanganya msikilizaji, kwa sababu hakuna alama inayoonyesha ni mfalme anayemjua askofu au ni askofu anayemjua mfalme. La pili, vitenzi kama "can", "may", "will" na "must" vilikuwa vimejitenga na kuwa kundi la pekee: hivi vilimtangulia kiima katika swali, vilifuatwa na "not", na kitenzi kikuu kilibaki tupu nyuma yao. Lugha ilikuwa tayari na mahali maalumu pa kitenzi kisaidizi, na mahali hapo palikuwa wazi kila sentensi ilipokosa "can" au "will". "Do", ambayo ilikuwa imekwisha kupoteza maana yake, ilifaa kupajaza kuliko neno lolote jingine, kwa kuwa ilipaingia bila kuibadili maana ya sentensi.

Haikuingia siku moja. Ilitangulia katika maswali, hasa yale yenye ukanushi, na ikachelewa katika kauli za kukanusha, na vitenzi vilivyotumika sana kama "know", "care" na "doubt" vilishikilia desturi ya zamani kuliko vingine. Kwa muda wa zaidi ya karne moja watu walitumia njia zote mbili, wakati mwingine katika ukurasa mmoja. Chukua tamthilia ya Shakespeare iliyoandikwa katika miaka ya 1590, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Mabepari wa Venisi katika tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mwaka 1969. Mstari wake wa kwanza kwa Kiingereza ni "In sooth, I know not why I am so sad": sijui, bila "do". Katika tamthilia hiyohiyo Shylock anauliza "If you prick us, do we not bleed?", mkituchoma hatutoki damu, na hapo "do" ipo. Mwandishi ni mmoja na masikio yaliyokuwa yakimsikiliza ni yale yale. Wakati huo zote mbili zilikuwa Kiingereza sahihi.

Biblia unayoisoma, Mwalimu, bila shaka ni ile iliyochapwa mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James, na imejaa ushahidi. Watafsiri wake waliegemea sana kazi ya William Tyndale, ambaye Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1526, na kwa hiyo hata siku ilipochapwa lugha yake ilikuwa ya zamani kidogo kuliko ya mitaani. Kaini anajibu "I know not". Petro anaulizwa "lovest thou me?" Lakini fungua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 6. Aya ya 2 inauliza "Do ye not know", na aya ya 3, inayofuata papo hapo, inauliza "Know ye not". Maana ni ileile, hamjui, na njia ni mbili. Katika Mwanzo, sura ya 3, Hawa anasema "the serpent beguiled me, and I did eat", ambapo "did" imewekwa katika kauli ya kawaida bila mkazo wowote. Na katika Luka 23:34, sentensi moja inazo habari zote mbili za "do": "they know not what they do". Ukanushi hauna "do", na ile "do" iliyopo ni kitenzi kikuu, ndiyo maana tafsiri ya Kiswahili imesema "hawajui watendalo". Ningekushauri uwaandikie wanafunzi wa darasa la juu sentensi hiyo ubaoni na kuwauliza ingesemwaje leo. Wakifikia "they do not know what they do" au "what they are doing", watakuwa wameona kwa macho yao "do" mbili katika mstari mmoja na kazi ya kila moja.

Wako wanaosema kwamba chanzo si Kiingereza chenyewe bali ni lugha za Kikelti zilizokuwa kisiwani kabla ya Waingereza kufika. Kiwelisi cha Wales na lugha ya Cornwall hutumia kitenzi cha kufanya kama kisaidizi, na lugha nyingi za Ulaya hazina jambo hilo, kwa hiyo hoja ina nguvu yake, hasa ukikumbuka kwamba mifano ya mwanzo inatoka kusini magharibi, karibu na Cornwall. Mimi siikubali moja kwa moja. Tangu Waingereza wa kwanza walipofika kisiwani hadi mifano hiyo inapoonekana ni zaidi ya miaka 700, na kusema kwamba watu wa kawaida waliitamka muda wote huo bila mwandishi kuiandika ni kuomba tuamini kimya kirefu mno. Lakini kwamba ujirani na lugha hizo uliisaidia kukua pale ilipoota, hilo naliona kuwa la busara.

Ajabu kubwa ya historia hii ni kwamba "do" ilikaribia kuingia kila mahali, kisha ikarudi nyuma. Katika nusu ya pili ya karne ya 16 kauli za kawaida kama "I did eat" na "he doth say" zilikuwa nyingi mno, na mtu wa zama hizo angeweza kudhani kwamba kila kitenzi cha Kiingereza kitaishia kutanguliwa na "do". Halikutokea. Katika kauli ya kukubali hakuna kinachokizuia kitenzi kubeba alama yake mwenyewe, kwa hiyo "do" haikuwa na kazi, ikaanza kuachwa. Na kufikia karne ya 18 mgawanyo ulikuwa karibu na ule wa leo, "do" katika maswali na ukanushi, na kitenzi bila "do" katika kauli za kukubali. Baadhi ya lahaja za kusini magharibi ya Uingereza ziliendelea kusema "I do go" bila mkazo hata baada ya hapo.

Kwa kuwa iliondoka katika kauli za kukubali, sasa ikirudi humo inasikika, na ndivyo ilivyopata kazi ya kutilia mkazo. "I paid" ni nililipa. "I did pay", kwa sauti iliyopandishwa kwenye "did", ni "mbona nililipa!", maneno ya mtu anayempinga anayesema hakulipa. Wafundishe wanafunzi kuisoma kwa sauti hiyo, maana wakiiandika katika insha ya kawaida, "Yesterday I did go to the market", msomaji wa leo atajiuliza ni nani aliyekana kwamba walikwenda sokoni. Katika kuamrisha, "do" hulainisha: "Do sit down" ni karibu na "karibu uketi", haina ukali wa amri.

Ziko sehemu ambazo "do" haiingii, nazo hufuata kanuni ileile. Kitenzi "be" na vile vya kundi la "can" havihitaji mchukuzi kwa sababu vyenyewe vinaweza kutangulia kiima: "Is he here?", "Can he come?" Amri ya kukanusha hukivunjia "be" desturi hiyo, "Don't be late". "Have" yenye maana ya kumiliki iko katikati, Waingereza wa vizazi vilivyopita walisema "Have you a pen?", na leo wengi husema "Do you have a pen?" au "Have you got a pen?" Sehemu inayowasumbua wanafunzi zaidi ni swali linalomuuliza mtendaji mwenyewe. "Who broke the glass?" haina "did", kwa sababu "who" ndiye kiima na tayari yuko mahali pake mbele ya kitenzi, hakuna kilichohama, kwa hiyo hakuna kinachohitaji kubebwa. Lakini "What did he break?" inayo, kwa kuwa kinachoulizwa ni yambwa, na kiima "he" kinasubiri kutanguliwa na kisaidizi.

Juu ya "do" iliyo kitenzi kikuu nitasema machache, kwa kuwa humo tatizo ni la msamiati. "Fanya" yetu ina eneo pana kuliko "do", na sehemu kubwa ya eneo hilo Kiingereza kimeipa "make". Kwa ujumla "do" hutaja shughuli na "make" hutaja kinachotokea baada ya shughuli, ndiyo maana tunafanya biashara na kazi za shule kwa "do", lakini tukifanya kosa, uamuzi au urafiki ni "make". Kanuni hiyo ina mianya, na mingine huzibwa kwa kukariri tu. Tena vitu vingi ambavyo Kiingereza hufanya kwa "do", sisi hatuvifanyi bali tunavipiga au kuviosha: "do the ironing" ni kupiga pasi, na "do the dishes" ni kuosha vyombo. Vijana wa Nairobi wanaposema "nitado?", nifanyeje sasa, wamekichukua kitenzi hiki katika maana yake ya kutenda, "do" ya kubeba hawakuihitaji, kwa kuwa viambishi vya Kiswahili vinaifanya kazi hiyo tayari.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza, lakini litakukuta darasani, nalo ni jinsi ya kujibu. Kwa kuwa "do" hubeba njeo na ukanushi, inaweza kusimama peke yake badala ya sentensi nzima: "Do you know him?" hujibiwa "I do" au "I don't", na "She sings better than I do" haihitaji kurudia kuimba. Shida huja swali likiwa la kukanusha. Ukimuuliza Mswahili "Humjui?", naye ikawa kweli hamjui, anaweza kujibu "Ndiyo, simjui", kwa maana ya "ndivyo ulivyosema". Mwanafunzi akiihamisha tabia hiyo na kujibu "Don't you know him?" kwa "Yes", Mwingereza ataelewa kwamba anamjua, na ataendelea kumwuliza habari za mtu huyo. Katika Kiingereza "yes" na "no" haziafikiani na muulizaji bali na kitenzi kinachofuata: kama ni "I do", hutanguliwa na "yes", kama ni "I don't", hutanguliwa na "no", hata muulizaji awe ameuliza vipi. Wazoeze wanafunzi wasiache "yes" au "no" peke yake, bali kila mara waifuatishe "I do" au "I don't", na wakikosea neno la kwanza, la pili litakuwa limekwisha kueleza ukweli wao.